Diski Iliyoanguka kutoka Angani na Iliyoanguka kutoka Mezani

Mhadhara kwa wakutubi, watunza kumbukumbu na maofisa masjala



Mmeniomba nizungumze juu ya kuokoa data kutoka kwenye diski za kompyuta zilizokufa. Nitaanza na diski moja ambayo, kwa kuitazama tu, hakuna hata mmoja kati yetu ambaye angeiokota.

Asubuhi ya tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilikuwa njiani kurudi nyumbani baada ya kuzunguka dunia kwa siku 16. Kilipofika juu ya jimbo la Texas, kikiwa bado karibu kilomita 60 kutoka ardhini, kikapasuka. Wanaanga wote saba wakapoteza maisha. Mabaki yakamwagika mashambani, misituni na mabwawani, na watu wakapangwa mistari kuyatafuta hatua kwa hatua. Miezi kama sita baadaye, kwenye sakafu ya ziwa lililokauka, likaonekana donge la chuma lililoungua. Ndani yake kulikuwa na diski ya kompyuta, ya zamani hata kwa wakati ule, ya chini ya nusu gigabaiti.

Diski hiyo ilikuwa ya jaribio la fizikia. Robert Berg wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, na wenzake walitaka kujua mnato wa gesi ya zenoni unavyobadilika inapokorogwa ikiwa katika hali ya mpakani, pale ambapo gesi na kimiminika havitofautiki tena. Hapa ardhini jaribio hilo halifanyiki vizuri kwa sababu zenoni yenyewe inajigandamiza kwa uzito wake. Sehemu ya vipimo ilitumwa kwa redio safari ikiendelea. Vilivyobaki vilikuwa kwenye diski, na diski ilikuwa ndani ya chombo kilichopasuka.

Ikapelekwa kwenye kampuni ya Kroll Ontrack, jimbo la Minnesota, ikaangukia mikononi mwa mhandisi Jon Edwards. Alichopokea ni mapande ya chuma yaliyogandana, kingo zimeyeyuka, bodi ya umeme na chipu zake zimeteketea. Mpira unaoziba gamba ulikuwa umeyeyuka, vumbi limeingia ndani. Lakini sahani, zile duara zinazobeba maandishi yenyewe, hazikuwa zimepinda. Akaziosha kwa dawa, akazifunga ndani ya gamba jipya lenye mota na vichwa vizima, akasoma. Ilipatikana asilimia 99 ya data. Matokeo ya jaribio yakachapishwa mwaka 2008 katika jarida la Physical Review E, miaka mitano baada ya chombo chenyewe kuwa vumbi.

Bahati ilikuwepo, tusidanganyane. Diski ilikuwa imejaa nusu tu. Kompyuta yake iliendeshwa kwa DOS, mfumo wa kizamani unaoandika kwa kufuatanisha bila kutawanya vipande huku na huko, kwa hiyo data ilikuwa imekaa upande mmoja, na vumbi lilichimba upande mwingine ambao haukuandikwa kitu. Columbia ilibeba diski nyingine mbili ambazo nazo zilimfikia Edwards, na hizo hazikutoa chochote. Joto lilikuwa limekwisha kuua sumaku yake. Sumaku yoyote ikipashwa moto kupita kiwango chake hupoteza mpangilio wake wote, na hapo hakuna mtaalamu wala mtambo wa kuurudisha.

Hapa naomba kutoka nje ya mada kidogo, maana naongea na watu wa karatasi. Katika chombo hichohicho mwanaanga wa Israeli, Ilan Ramon, alikuwa na shajara yake. Kurasa zake ziliokotwa Texas, zimelowa na kuchanika, zikapelekwa Jerusalem ambako wataalamu wa makumbusho na wa maabara ya polisi walizitenganisha na kuzisoma. Karatasi ilipita moto uleule na anguko lilelile. Kwa hiyo anayekuja ofisini kwenu kuwaambia kuwa karatasi imepitwa na wakati, msikilizeni kwa adabu, kisha mrudi kazini.

Turudi kwenye diski. Bahati zote nilizozitaja ni kweli, ila kuna sababu moja ambayo wasimuliaji wengi wa kisa hiki huipita haraka: tangu ilipotua hadi ilipofika kwa Edwards, hakuna aliyeiwasha. Hakuna aliyejaribu kwenye kompyuta nyingine "kuona tu". Asingeweza hata kama angetaka, maana hapakuwa na pa kuchomeka waya.

Sasa ichukueni diski ya pili, hii mnayoijua ninyi. Ni diski ya nje, imewekwa pembeni ya meza ya mhasibu, imejaa mishahara, mikataba na picha za miaka. Mtu anapita na chai, mguu unanasa waya, diski inaanguka sakafuni ikiwa inazunguka. Ni anguko la chini ya mita moja. Inaokotwa, inafutwa vumbi kwa kiganja, inachomekwa. Inatoa mlio: tik, tik, tik. Inachomolewa, inachomekwa tena. Inapelekwa kwenye kompyuta ya bosi, kwa kuwa ya bosi ni mpya. Anaitwa kijana wa kompyuta, naye anaiacha inalia usiku kucha huku programu fulani ikijaribu kuirekebisha. Siku ya tatu mtu aliyesoma mahali anasema iwekwe kwenye friza. Siku ya nne inafunguliwa mtaani, juu ya meza, feni inapuliza. Inapofika kwa mtu mwenye vifaa, wenye diski wanauliza: "Fundi, itapona?"

Ile iliyoanguka kutoka angani ilisomeka kwa asilimia 99. Hii ya mezani mara nyingi haitoi hata faili moja. Nitakayoyasema leo yote ni kueleza kwa nini, na jibu ni kwamba diski inapoharibika, data bado ipo. Inapotea katika saa na siku zinazofuata, kwa mikono ya wanaoitakia mema.

Tuingie ndani ya gamba. Sahani hutengenezwa kwa alumini au kioo, zikapakwa utando wa sumaku mwembamba mno. Katika diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, kiasi kwamba ukingo wake unakimbia zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Kila uso una kichwa cha kusomea, kipande kisichofika hata milimita moja, kilichoshikwa kwenye ncha ya mkono mwepesi unaosukumwa na koili katikati ya sumaku mbili kali. Kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu ya hewa inayokokotwa na mzunguko, na nafasi kati yake na sahani ni chini ya nanomita 10, wakati unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Alama ya kidole ni nene kuliko nafasi hiyo. Chembe ya moshi wa sigara haipiti.

Ndiyo maana gamba halifunguliwi mezani. Watu wengi hudhani diski za kawaida hazina hewa ndani. Zinayo, na zinaihitaji. Tazameni kwenye gamba mtaona tundu dogo lenye maandishi ya kuonya lisizibwe. Hewa hupumulia hapo ikipita kwenye chujio. Diski kubwakubwa za miaka ya karibuni, kuanzia zile zilizotoka mwaka 2013, hujazwa gesi ya heliamu na kufungwa kabisa, na hizo huwa na kazi ya ziada kwa anayelazimika kuzifungua.

Ule mlio wa tik ni nini basi? Kwenye sahani, katikati ya data, kuna alama zilizoandikwa kiwandani zinazouelekeza mkono: upo njia fulani, sogea kidogo kushoto. Diski ikiwashwa, kichwa hutoka mahali pake pa kupumzikia kikaenda kutafuta alama hizo. Kichwa kilichovunjika hakizioni. Mkono unayumba hadi unagonga kizuizi, unarudi, unajaribu tena. Huo mgongano ndio mnaousikia. Baada ya majaribio kadhaa mota inazimwa yenyewe, na kimya kinachofuata wengi hukichukua kama mwaliko wa kuwasha upya.

Na kila unapowasha, kichwa kilichopinda kinaburutwa juu ya utando kwa kasi niliyoitaja. Nikiifungua diski ya namna hiyo ndani ya kabati la hewa safi, huwa naanza kutazama vitu viwili. Kwanza chujio dogo jeupe lililo pembeni, linalokamata vumbi la ndani: likiwa limegeuka kijivu au jeusi, najua utando umesagwa. Kisha naiinamisha sahani chini ya taa. Sahani nzima inang'aa bila doa, unajiona uso wako. Iliyokwaruzwa ina pete, mstari wa duara uliokamilika, wakati mwingine mwembamba hata ukucha hausikii kitu, wakati mwingine mpana na wenye vumbi la unga kingoni. Duara hilo lilikuwa na maandishi. Sasa ni ule unga.

Kuna kisa maarufu cha aina hii katika historia ya diski. Mwaka 2000 IBM ilitoa toleo la Deskstar 75GXP lenye sahani za kioo. Nyingi zikafa mapema, hadi watumiaji wakalibatiza jina la Deathstar, na kesi ikafunguliwa. Waliozifungua zilizokufa vibaya walikuta utando umekwanguliwa mpaka kioo kinaonekana upande wa pili. Katika hali hiyo hakuna cha kuokoa. Mtu akikuambia ana programu ya kurudisha data iliyokwisha kuwa unga, muage.

Lakini si kila diski iliyokufa imekwaruzwa, na hapa ndipo kuna habari njema. Kuna kifo cha bodi tu. Nyumba zetu na ofisi zetu zimejaa adapta zinazofanana plagi na kutofautiana volti. Diski ya nje ya mezani inataka volti 12. Anayetafuta adapta haraka anaokota ya kompyuta ya mkononi, volti 19, nayo inaingia vizuri kabisa. Harufu ya kuungua inatoka, kila mtu anasema basi. Mara nyingi kilichoungua ni kidude kidogo kwenye bodi kilichowekwa hapo makusudi kife kwanza, ili kilicho nyuma yake kipone. Fundi wa redio anayejua kazi yake anakipima, anakitambua, anakiondoa, na diski inawaka kama jana. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo hufanya vivyo hivyo. Mafundi wetu wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa mtaa wa Luthuli, Nairobi, wana mikono mizuri sana kwa kazi hii ya kulehemu, na nalisema bila kumpaka mtu mafuta.

Wanapokosea ni pale wanapobadilisha bodi yote. Zamani ungeweza kuitoa bodi ya diski inayofanana ukaifunga kwenye hii, ikafanya kazi. Kwa diski nyingi za sasa haiwezekani, kwa sababu kila diski hupimwa kiwandani, na vipimo vyake peke yake, jinsi kila kichwa chake kinavyosikia na kinavyoelea, vimehifadhiwa kwenye chipu ndogo juu ya bodi. Chipu hiyo lazima ing'olewe kwenye bodi ya zamani na kuhamishiwa kwenye mpya. Bodi iliyotupwa kwenye ndoo ya taka, na chipu yake juu yake, imewanyima watu kumbukumbu zao zaidi ya mafuriko.

Kuna pia kifo cha akili. Diski ina programu yake ya ndani, na sehemu kubwa ya programu hiyo imeandikwa kwenye sahani zenyewe, mahali ambapo kompyuta yako haifiki. Mwanzoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Seagate ilikiri kuwa baadhi ya diski zake, zikiwemo za Barracuda 7200.11, zilikuwa na kosa katika programu hiyo: unaizima jioni ikiwa nzima, asubuhi unaiwasha imejifunga, kompyuta haiioni kabisa. Vichwa vizima, sahani nzima, kila faili mahali pake. Kampuni ikatoa masahihisho. Fundi mwenye mtambo wa kuzungumza na programu ya ndani, kama ule wa PC-3000 unaotengenezwa na ACE Laboratory ya Urusi, aliiondolea kifungo hicho bila kulifungua gamba. Fikirieni ni wangapi, kabla ya kumfikia fundi huyo, walikuwa wamekwisha kuifungua diski nzima na kuitia vumbi.

Sasa kubadilisha vichwa, kazi ambayo watu hupenda kuiona. Inatakiwa diski ya spea: modeli ileile, mara nyingi kiwanda kilekile na tarehe ya karibu, idadi ya vichwa ileile. Unaondoa sumaku ya juu, ambayo inavuta bisibisi mkononi kama ina kinyongo nawe. Unaingiza kifaa chenye meno membamba kati ya mikono midogo ya vichwa ili visigusane vinapotoka, maana vikigusana vimekufa vyote. Unaunyanyua mkono mzima nje, unauleta wa spea, unaushusha taratibu mpaka vichwa vikae kwenye ngazi yake ya kupumzikia. Hupigi chafya, huongei, na huruhusu mteja asimame nyuma yako. Ukimaliza hujarudisha diski kwenye uzima. Umeipa maisha ya muda, pengine ya saa chache, na saa hizo ni za kunakili tu.

Kunakili kwenyewe kuna utaratibu ambao ndio roho ya kazi hii. Hufungui folda uanze kuvuta faili. Unanakili diski yote kama ilivyo, sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo baada ya kipande, kwenda kwenye diski nyingine nzima, na msako wa faili unafanyika kwenye nakala. Kuna programu ya bure, GNU ddrescue, aliyoiandika Antonio Díaz Díaz, inayolifanya hili kwa busara: kwanza inachukua maeneo yanayosomeka kirahisi, ikikutana na pabovu inaruka, inaandika kwenye ramani yake kwamba imeparuka, inaendelea. Baadaye ndipo inarudi kwenye pabovu, kidogokidogo. Programu za kawaida hufanya kinyume. Zikikuta sekta mbovu zinang'ang'ania hapohapo, zinaisoma mara mia, na kichwa kinafia hapo huku asilimia 90 ya diski, iliyokuwa nzima, haijaguswa. Diski mgonjwa inaweza kutoa megabaiti 2 tu kwa sekunde. Kwa mwendo huo terabaiti moja inachukua karibu siku 6. Mteja anayepiga simu kila baada ya saa mbili naomba alijue hilo.

Friza je? Ushauri huu una asili yake. Katika diski za zamani vichwa vilitua juu ya sahani, na mara nyingine viliganda hapo, au beringi za mota zilikwama, na baridi ilisinyaza chuma kikaachia. Diski za sasa hupumzisha vichwa nje ya sahani. Ukiitoa diski kwenye friza ukaiwasha Tanga au Mombasa, hewa yenye unyevu inageuka matone juu ya sahani, na nimekwisha sema nafasi iliyopo pale ni ya nanomita ngapi. Kupiga kofi nako ni hivyohivyo.

Nizungumzie kidogo kufuta, kwa sababu nusu ya wanaokuja hawana diski mbovu. Wana diski nzima na kidole kilichoteleza. Ukifuta faili kwenye diski ya sumaku, kompyuta haigusi maandishi yenyewe. Inafanya kama mtendaji wa kijiji anayekata jina la mkazi kwenye daftari: nyumba imesimama, jiko linawaka, ila kiwanja sasa kinahesabiwa kuwa wazi na mtu mwingine anaweza kupewa. Katika mfumo wa FAT unaotumika kwenye flashi na kadi nyingi za kamera, kinachobadilishwa kwenye daftari ni herufi ya kwanza ya jina la faili, na nafasi yake kuandikwa kuwa wazi. Ndiyo maana programu za bure kama PhotoRec ya Christophe Grenier zinaweza kulipuuza daftari na kupita kila sekta zikitafuta sura ya faili. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza kwa baiti zilezile kila mara. Majina yatapotea, tarehe zitapotea, utabaki na picha elfu nne zenye namba, lakini utakuwa nazo. Sharti ni hili: usiandike chochote kwenye diski hiyo. Watu hupakua programu ya kuokoa na kuisimika kwenye diski ileile wanayotaka kuiokoa, yaani wamempa mgeni kiwanja wakati mwenye nyumba yumo ndani.

Na kompyuta ikikuuliza kama unataka kuifomati diski kabla ya kuitumia, haijakuambia kwamba diski haina kitu. Imesema haikuelewa ilichokisoma. Jibu ni hapana. Ikijitolea kuikagua na kuirekebisha, jibu ni hapana vilevile, kwa sababu kurekebisha ni kuandika.

Upande wa pili wa jambo hili unawahusu zaidi maofisa masjala. Data isiyotaka kufa ni neema kwa mwenyewe na hatari akiwa amekwisha kuiuza diski. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT walitoa utafiti juu ya diski 158 walizozinunua zikiwa zimetumika. Diski 129 zilifanya kazi, na kati ya hizo 12 tu zilikuwa zimesafishwa ipasavyo. Kwenye nyingine walikuta namba za kadi za benki kwa maelfu, barua za mapenzi, taarifa za wagonjwa. Sisi tunaishi na kompyuta za mitumba zinazoshuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa, na ofisi zetu zenyewe huuza za kwao kwa mnada kila zinapochakaa. Kufomati haraka hakusafishi. Kinachosafisha ni kuandika juu ya diski yote mwanzo hadi mwisho, na kwa diski za sasa mara moja inatosha. Zile hadithi za kuandika mara 35 zinatokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, iliyohusu teknolojia za enzi zile, na mwenyewe baadaye alilalamika kwamba watu waliigeuza ibada.

Yote niliyoyasema yanahusu diski zenye sahani. Kompyuta mpya mnazoletewa nyingi zina SSD, chipu tupu bila kinachozunguka. Zinastahimili kuanguka vizuri sana, na hilo limewafanya watu walegee. Ila kufuta kwake ni kwa namna nyingine: mfumo unaiarifu SSD kwamba sehemu fulani haihitajiki, nayo, kwa wakati wake yenyewe na bila kukuuliza, inaifuta kweli ili ijiandae kuandika tena. Unachokitafuta baada ya chakula cha mchana kinaweza kuwa kimeondoka kabla hujanawa mikono. Na ikifa haitoi mlio wa tik. Jana ilikuwepo, leo haipo. Chipu zake ukizing'oa na kuzisoma moja moja, mara nyingi utakuta maandishi yamefichwa kwa ufunguo ulioungua pamoja na kidhibiti chake. Kazi yangu kwa diski hizi inazidi kuwa ndogo mwaka hadi mwaka, na sioni ikirudi kuwa kubwa.

Mtaniambia dawa ni chelezo, yaani nakala ya akiba. Ni kweli, nami sitarefusha, ila chelezo ambayo hakuna aliyewahi kuifungua ni imani tu. Mwaka 1998, katika studio ya Pixar, amri moja iliyokosewa ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 iliyokuwa ikitengenezwa. Walipokimbilia chelezo wakakuta imeharibika. Filamu iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto mchanga. Wakaifunga kompyuta yake kwenye gari kwa mablanketi, wakaileta ofisini.

Nimalizie na jambo ambalo fundi hawezi kulifanya bila ninyi. Diski inapoletwa, ije na karatasi. Iandikwe ilianguka au ilikata moto, ililia vipi, na tangu hapo imewashwa mara ngapi na nani. Hapa watu huficha, kama mgonjwa anayemficha daktari dawa za kienyeji alizokunywa, na kuficha kunapeleka kazi njia isiyofaa. Kisha iandikwe orodha ya folda zinazotakiwa, kuanzia inayotakiwa zaidi. Vichwa vya spea vinaweza kunipa saa tatu, na terabaiti haitoki kwa saa tatu. Nitalazimika kuchagua nisome wapi kwanza. Mimi naona folda tatu: "Mishahara", "Picha za sherehe" na "Folda mpya 2". Sina namna ya kujua kwamba hati za viwanja vya kata nzima zimo kwenye hiyo ya tatu, na kwamba mishahara ina nakala hazina. Nani anajua? Yule mama wa masjala aliyekaa na mafaili hayo miaka, ambaye siku diski ilipoanguka hakuna aliyemwita. Mwiteni kabla ya kumwita kijana wa kompyuta, orodha aiandike yeye, kwa mkono wake, kwenye karatasi.